Barua nachapa mimi, herufi ni za mwingine: nikasome uhazili nikiwa na miaka 38?

Shikamoo Mama Mshauri,

Naomba unifichie jina langu na la mahali ninapofanya kazi, kwa sababu mji wetu ni mdogo na watu tunajuana. Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto watatu, na tunaishi katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Tangu mwaka 2014 ni mhudumu wa ofisi katika taasisi moja binafsi. Kazi yenyewe unaijua: nafungua ofisi saa moja kasoro, nafagia, napiga deki, nachemsha chai, nazungusha mafaili, naenda benki na posta. Mshahara ni wa mhudumu.

Mwaka wangu wa tatu pale, katibu muhtasi wetu, ambaye nitamwita Mama K, alianza kusumbuliwa na macho kwa sababu ya kisukari. Barua zikawa zinarudi kutoka kwa mkurugenzi zimezungushiwa makosa kwa wino mwekundu. Siku moja akafunga mlango akaniambia, "Mdogo wangu, hebu nisomee hii rasimu nichape." Nikamsomea. Wiki iliyofuata akaniambia nikae mimi kwenye kiti, asome yeye. Ndivyo nilivyojifunza. Sasa ni miaka nane, nachapa bila kuangalia vidole. Barua, madokezo, mihutasari ya vikao, ratiba za safari za mkurugenzi, orodha ya vifaa kwenye Excel, vyote vinapita mikononi mwangu baada ya chai ya saa nne. Umeme ukikatika naweza kukutolea faili lolote gizani.

Ofisini kwetu kila barua ina kumbukumbu namba, na mwishoni mwa hiyo namba tunaweka herufi za jina la mkurugenzi, mkwaju (/), kisha herufi za aliyechapa. Miaka yote hii nimekuwa naweka herufi za Mama K. Hakuniamuru, na mimi sikuuliza. Ilikuwa ndivyo tu.

Mama K anastaafu mwezi wa kumi na mbili. Mwaka jana alikuja binti wa miaka 23 kufanya mafunzo kwa vitendo, anasoma stashahada ya uhazili, yaani kazi ya ukatibu wa ofisi. Mimi ndiye niliyemwonyesha majalada yanavyopangwa, dokezo linavyoandikwa, na jinsi ya kupokea simu ya mtu aliyekasirika. Ni binti mwenye adabu, sina neno naye. Mwezi uliopita mkurugenzi akaniita ofisini. Nikasema moyoni, leo ni leo. Akaniambia, "Wewe ni mchapakazi, ndiyo maana nataka ukae karibu na katibu mpya umwelekeze." Katibu mpya ndiye yule binti. Anaanza Januari. Nikamwambia asante bosi, nikaenda jikoni nikaosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Tangu siku hiyo sina usingizi. Nataka kusoma. Kidato cha nne nilimaliza mwaka 2005 na daraja la nne: Kiswahili C, halafu D za Kiingereza, Historia, Uraia na Biolojia. Baba alifariki mwaka ule ule, nikaishia hapo. Desemba tunavunja kikoba na hesabu yangu itafika shilingi 2,700,000. Ni fedha nyingi kuliko zote nilizowahi kushika kwa mkupuo.

Nimewaza kwenda Tabora kusoma uhazili hadi stashahada. Pia kuna chuo hapa mjini, ghorofani juu ya duka la simu, wanatoa cheti cha ukatibu na kompyuta kwa miezi sita kwa shilingi 350,000, na wanasema kinatambulika kila mahali. Mume wangu, ambaye ni fundi gereji, anasema tununue mabati. Boma letu limefika lenta, lina mwaka wa pili linanyeshewa, na kodi ya nyumba tunalipa kila mwezi. Hajanikataza. Anasema tuezeke kwanza, halafu nisome. Wifi yangu ndiye aliyenichoma: "Unataka ukakae dawati moja na watoto unaoweza kuwazaa?" Na mwanangu wa kwanza, yuko kidato cha tatu, ameniuliza kwa wema kabisa kuhusu hatimkato, yale maandishi ya mkato wanayofundishwa makatibu: "Mama, hatimkato ya nini siku hizi? Simu unaiambia tu na inaandika yenyewe." Hilo limeniumiza kuliko la wifi, kwa sababu sina jibu.

Nasikia pia serikalini hawachukui mtu aliyezidi miaka 45. Je, nimeshachelewa? Fedha hii niitie kwenye bati au kwenye ada? Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Wakati mwingine naona nataka kusoma ili mkurugenzi ajue alichokifanya. Hiyo nayo ni sababu ya kumpeleka mtu chuo?

Mama wa watatu, Kanda ya Ziwa

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye vikombe. Nilikuwa katibu muhtasi kwa miaka 31. Najua ukiwa ofisini mahali pekee pa kulia bila kuonekana ni pale penye bomba linalomwaga maji. Pole sana. Uliyoyasema si madogo.

Nikueleze mapema ninaposimama ili ujue namna ya kuyapima maneno yangu. Mimi nilisomea Tabora, enzi hizo kikiitwa Chuo cha Uhazili, kabla ya mwaka 2000 kuundwa Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho ndicho kinachokibeba hadi leo. Naipenda kazi hii. Mtu anayependa kitu huweza kumsukuma mwenzake akifuate hata pale ambapo angepaswa kumwacha afikiri, kwa hiyo ukiona nimevutia upande mmoja, rudisha.

Umeniuliza kuhusu umri, bati na ada. Mimi naona jambo la nne limekaa katikati ya hayo yote, nalo ni zile herufi baada ya mkwaju. Nianzie hapo.

Umeandika kama mtu ambaye mkurugenzi anamjua vizuri, anaijua kazi yake yote, kisha akampita makusudi. Inawezekana. Lakini hebu kaa kwenye kiti chake kidogo. Kwa miaka nane, kila karatasi iliyofika mezani kwake imemwambia kwamba aliyechapa ni Mama K. Wino mwekundu ulikoma, naye pengine akashukuru kwamba macho ya Mama K yamepona. Mlifunga mlango ili asijue, na huenda kweli hakujua. Au alijua nusu, kama mabosi wengi, akaona inamfaa kutouliza. Sikuambii hili ili kumtetea. Nakuambia kwa sababu kama hajui, mazungumzo unayopaswa kuwa nayo naye ni tofauti kabisa na yale unayoyafanya kichwani usiku.

Na Mama K? Ulimsitiri. Mtu mwenye kisukari na macho yanayofifia, miaka michache kabla ya kustaafu, ulimshikia kazi yake asiipoteze. Naye akakufundisha kazi ambayo hukuwa nayo. Hamkuibiana. Ila sasa yeye anaondoka na mafao yake na jina zuri, na wewe unabaki na deki. Sidhani kama alipanga iwe hivyo, ila bado yupo ofisini hadi Desemba, na yeye ndiye shahidi pekee uliye naye. Unaweza kumwomba akuandikie barua inayoeleza kazi ulizozifanya na tangu lini. Inaweza kumtisha, maana akikusema wewe anajisema na yeye. Kwa hiyo nenda kwake kwa heshima ile ile mliyoishi nayo, mkiwa wawili, na umuulize yuko tayari kusema nini na nini hawezi. Akikataa itauma. Je, uko tayari kwa maumivu hayo kabla hajaondoka, au unaona afadhali uagane naye vizuri? Hilo siwezi kukuamulia.

Nakuomba ufanye jambo moja dogo hata kama hutakwenda chuo chochote. Nunua daftari, na kwa wiki mbili andika kila siku ulichofanya baada ya chai ya saa nne. Jumatatu: barua nne, dokezo moja, muhtasari wa kikao cha saa mbili, simu kumi na moja, mgeni mmoja mkorofi. Usipambe. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, na humo ndani imo kazi anayoifanya. Una haki ya kuomba maelezo hayo yafanane na unachofanya kweli. Ukienda na daftari, unakwenda na orodha, na orodha haibishaniwi kama manung'uniko yanavyobishaniwa. Hatari yake ni kwamba bosi anaweza kujibu, "Basi kuanzia leo acha kuchapa, rudi kwenye chai." Amewahi kujibiwa hivyo mwenzangu mmoja, na ilimchukua muda mrefu kusimama tena. Lifikirie jibu hilo mapema, ujue utafanya nini ukilisikia.

Sasa shule. Wanaoanza na cheti cha kidato cha nne huingia astashahada ya awali, na kinachotakiwa kwa kawaida ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Wewe unayo matano. Mlango haujafungwa, na natamani ungekuwa umejua hivyo miaka hii yote ulipokuwa unaliona daraja la nne kama ukuta. Mwaka mmoja wa astashahada ya awali, kisha miwili ya kufika stashahada. Ukianza mwakani una miaka 39, unamaliza na 42. Ni kweli matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huandika kwamba mwombaji asizidi miaka 45. Kwa hiyo ungekuwa na kama miaka mitatu ya kuomba serikalini, katikati ya vijana wengi wenye karatasi kama yako. Stashahada haimhakikishii mtu ajira, na atakayekuahidi hivyo usimpe hata nauli. Lakini nimeona hukusema popote kwamba unataka serikali. Ulisema unasikia serikali hawachukui. Taasisi binafsi hazifungwi na tangazo hilo, na hapo ulipo sasa ni binafsi. Jiulize kama unataka kuwa katibu, au unataka ajira ya serikali yenye pensheni. Njia zake zinafanana mwanzoni kisha zinaachana.

Kabla sijasahau, angalia cheti chako cha kidato cha nne kina jina gani. Wanawake wengi wa rika letu cheti kina jina la baba na kitambulisho cha NIDA kina jina la mume. Majina yakitofautiana, maombi hukwama mpaka upate hati ya kisheria. Lishughulikie sasa, usisubiri tangazo litoke.

Kuhusu hatimkato nitakaa kidogo, uvumilie, kwa sababu mwanao kauliza swali la maana na anastahili jibu.

Mwambie yuko nusu sahihi. Simu inaandika. Na hata bila simu, mabosi wa leo wanajichapia barua pepe wenyewe, ambazo zamani wangemwita katibu awaandikie. Mtu ambaye ujuzi wake wote ni kubonyeza vitufe kwa haraka ana sababu ya kuogopa, na nisingekuwa mkweli kama ningekuficha hilo. Hata jina la kazi limebadilika. Serikalini sasa utaona tangazo limeandikwa Mwandishi Mwendesha Ofisi, na ukilitazama vizuri jina hilo, kuandika ni nusu tu, nusu nyingine ni kuiendesha ofisi. Pamoja na hayo, matangazo ya Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II yamekuwa yakitaka mtu aliyefaulu hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika moja. Huko nyuma, kwa Katibu Mahsusi wa daraja la chini, walitaka 80. Kwa hiyo hata mtu akiiona imepitwa na wakati, mlango anaotaka kupita bado unaidai.

Ile tuliyofundishwa inatokana na hati aliyoitunga Mwingereza Isaac Pitman mwaka 1837. Unaandika sauti, huandiki herufi. Mstari mwembamba ulioinama, unaoshuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, ni "p". Mstari ule ule, ukikandamiza penseli kidogo, ni "b". Yaani kati ya "pata" na "bata" kuna uzito wa mkono tu. Wiki ya kwanza nilikuwa naandika kila mtu kapata bata. Mwalimu wetu alikuwa akizunguka nyuma yetu akisikiliza penseli, haangalii daftari, akasema, "Wewe umekandamiza mahali pasipo." Baada ya miezi kadhaa ndipo nilipoelewa kwamba ananifundisha kusikiliza. Mtu akisema "tumekubaliana" na mwingine akasema "tumeelewana", simu itaandika yote mawili bila kosa hata moja. Ila lipi ni uamuzi wa kikao na lipi ni heshima tu ya kumaliza ubishi, hilo lazima awepo mtu chumbani aliyekuwa anasikiliza. Wewe kazi hiyo umeifanya miaka nane bila penseli ya Pitman. Mweleze mwanao hivyo, kisha umwachie aamue mwenyewe kama jibu limemtosha.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni ile D ya Kiingereza. Maneno 100 kwa dakika kwa Kiswahili ni mazoezi. Kwa Kiingereza ni mazoezi na lugha, na wenzangu kadhaa hapo ndipo walipokwama, wakarudia mtihani mara mbili, mara tatu. Usisubiri uandikishwe. Taarifa ya habari ya Kiingereza redioni haitozi ada. Sikiliza robo saa kila siku ukiandika unachosikia kwa maandishi ya kawaida, uone baada ya mwezi unakamata kiasi gani. Kama inakunyanyasa mno, kuna njia jirani ya utunzaji wa kumbukumbu, watu wa masijala, ambayo haikudai hatimkato. Mtu anayetoa faili gizani asiidharau.

Chuo cha ghorofani sikijui, kwa hiyo sikisemi. Waulize namba yao ya usajili NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya ufundi, kisha ihakiki wewe mwenyewe, usihakikishiwe na wao. Waulize cheti chao ni ngazi gani ya tuzo. Omba kuzungumza na wahitimu wawili, uwaulize wako wapi leo. Kama unataka kuinoa Excel yako na kujifunza mifumo mipya ya ofisi, miezi sita na shilingi 350,000 huenda ni fedha iliyokwenda mahali pazuri. Kama unataka cheti kitakachosimama pale tangazo linapodai stashahada, hakitasimama, hata kiwe na mhuri mkubwa namna gani.

Tuje nyumbani. Nimefurahi ulivyoandika "hajanikataza". Wapo wanaoniandikia ambao neno hilo hawana. Mumeo ana hoja, na boma likinyeshewa mwaka wa tatu tofali zitaanza kuliwa. Wewe nawe una hoja, kwa sababu sote tunajua nyumba inavyokwenda: baada ya bati kuna madirisha, baada ya madirisha kuna plasta, na "kwanza" hiyo inaweza kukukuta una miaka 46. Sijui ipi ina uzito zaidi, maana sijui kodi mnayolipa. Nyie mnaijua. Izidisheni mara 36, ambayo ndiyo miezi ya masomo, muiandike upande mmoja wa karatasi. Upande wa pili andikeni ada, chumba, chakula, nauli ya likizo, vitabu, na mshahara wako utakaokosekana miaka mitatu. Huo mshahara watu husahau kuuandika, na mara nyingi ndio unaozidi vyote. Shilingi 2,700,000 ni jasho la kujivunia, lakini naogopa haitakufikisha mwaka wa tatu peke yake. Mkiwa na karatasi hiyo mbele yenu mtazungumza kama watu wawili wenye nyumba moja. Huenda mkaona kuezeka vyumba viwili mkahamia. Huenda mkaona bati lisubiri. Huenda mkaona mwaka mmoja wa kujipanga zaidi hauui, ila hapo ndipo umri unapoingia kwenye hesabu, kwa hiyo huo mwaka uwe na tarehe ya kuisha.

Kuna kitu hukukiandika. Mwanao wa kwanza umenitajia, mdogo kabisa hukunitajia. Ana miaka mingapi, na nani atakaa naye ukiwa chuoni? Pengine uliliruka kwa sababu jibu lipo na ni rahisi. Pengine uliliruka kwa sababu linauma. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Dar es Salaam, Tabora, Singida, Mtwara, Tanga na Mbeya. Kwa ulipo, Tabora na Singida ndizo za karibu. Wapigie, uulize uhazili unafundishwa wapi kwa sasa, kuna masomo ya jioni au hakuna, na likizo huangukia lini. Uliza pia vyuo vingine vilivyosajiliwa mkoani kwenu. Tabora niliyoisoma mimi ilikuwa ya msichana asiye na mtoto, sitaki nikuuzie kumbukumbu zangu.

Wifi yako nitamjibu kwa ufupi. Darasani kwetu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, alikuwa mchapaji wa mahakama, tukimwita Mama Mkubwa. Hatimkato ilimpiga mara ya kwanza, akarudia. Lakini mwalimu akileta rasimu iliyoandikwa kwa mwandiko ambao sisi mabinti tuliuona kama nyayo za kuku, nani alitusomea? Ni yeye aliyetusomea. Utakaa dawati moja na watoto, ndiyo. Mmoja wa watoto hao umeshamfundisha kazi.

Na sasa lile ambalo hukumwambia mtu. Asante kwa kuniamini nalo. Hasira si dhambi na wala sioni aibu ndani yake, maana ulidharauliwa, hata kama aliyekudharau hakukusudia. Hasira inaweza kukupandisha basi la Tabora. Ninachojiuliza ni kama itakuamsha saa kumi na moja alfajiri mwaka wa pili, chumba cha kupanga, mtoto ana homa huku mbali, na huyo mkurugenzi pengine ameshahamia taasisi nyingine na jina lako amelisahau. Jaribu kulipima hivi. Chukulia kwamba kesho asubuhi anakuita, anaomba radhi, anakupa kiti cha Mama K na mshahara wake, bila cheti. Je, bado ungetamani kusoma? Ukijibu ndiyo upesi, basi shule unaitaka kwa ajili yako, na hayo mengine ni ya kupanga. Ukisita, basi huenda kiu yako ni ya kutambuliwa hapo hapo ulipo, na hiyo ina njia zake, zenye gharama ndogo na hofu kubwa. Na ukiona ni yote mawili yamechanganyika, hilo nalo ni jibu, na mimi lisingenishangaza.

Desemba kutakuwa na hati ya makabidhiano ya ofisi kutoka kwa Mama K: orodha ya majalada, funguo, mihuri, kazi zinazoendelea. Mkurugenzi ataisoma ukurasa kwa ukurasa, na bila shaka utaichapa wewe. Ukikaa kuichapa, kabla hujagusa kitufe cha kwanza, muulize Mama K kwa upole kwamba kwenye kumbukumbu namba, baada ya mkwaju, muweke herufi za nani. Kisha uniandikie alivyojibu.